Barua ya Wazi kutoka Mbau: Komprovativu Si Pesa

Kwa:
Wakurugenzi wa kampuni za pesa za simu nchini Msumbiji,
Benki Kuu ya Msumbiji,
Mamlaka ya Mawasiliano (INCM),
Idara ya Upelelezi wa Jinai (SERNIC).

Waheshimiwa,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaobangua korosho hapa Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu akina mama walionituma wametaka wasomewe barua hii neno kwa neno kabla haijatoka, na Kireno changu cha shule si wote wanaokisikia. Naandika hadharani kwa sababu kwa faragha nimekwisha kubisha hodi, na sikufunguliwa. Kifungu cha 79 cha Katiba ya Jamhuri yetu kinampa raia haki ya kupeleka ombi na malalamiko yake mbele ya mamlaka. Haki hiyo ndiyo ninayoitumia leo.

Sitaitaja kampuni iliyohusika na jambo letu, wala kituo cha polisi nilichokwenda. Sitaki barua hii isomwe kama ugomvi wa mtu na ofisi moja, kisha ofisi nyingine zijione zimepona.

Yaliyotupata ni haya.

Msimu uliopita tuliweka picha za korosho zetu kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. Mtu mmoja akatuandikia kwamba ananunulia mkahawa mjini Pemba. Alizungumza kwa adabu, akaniita dada, akauliza kama korosho ina chumvi, akaomba apunguziwe bei. Tulipokataa, akakubali bei yetu. Tukaafikiana kilo 60 kwa metikali 450 kila kilo, jumla metikali 27,000.

Siku ya kupakia mzigo, mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka tangu alfajiri. Chapa, yaani gari la abiria, ya kwenda Pemba ilikuwa lazima iwahi msafara unaosindikizwa na wanajeshi katika barabara ya N380. Ukiukosa msafara, unalala. Saa tatu asubuhi ikaingia meseji kwamba tumepokea metikali 31,000. Ikafuata picha ya komprovativu, yaani stakabadhi ya malipo, ina nembo, tarehe, saa na namba ya muamala. Papo hapo mnunuzi akapiga: "Dada, nimezidisha 4,000 kwa haraka zangu. Mpe dereva aniletee, nitampokea mwenyewe." Nikafungua menyu ya pesa za simu kuangalia salio, ikakataa. Nikarudia mara tatu, ikakataa. Dereva anapiga honi, abiria wanalalamika. Nikatoa 4,000 kwenye kisanduku cha kikundi, nikampa, na mzigo ukapanda.

Mtandao ulitulia saa nane mchana. Salio lilikuwa lilelile la jana yake: metikali 212. Namba ya mnunuzi ilikuwa imezimwa. Nikampigia dereva, hakupatikana, maana sehemu kubwa ya njia ile haina mtandao. Alipopatikana usiku, alikuwa amekwisha kukabidhi mzigo na pesa kwa kijana aliyekuja na jina sahihi na idadi sahihi ya magunia.

Waheshimiwa, mtu asiyebangua korosho anaweza kuiona hesabu hii ni ndogo. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutoka katika kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kwa hiyo kilo 60 ni zaidi ya kilo 240 zilizookotwa chini ya mikorosho, zikaanikwa, zikachomwa, zikapasuliwa moja moja kwa mkono. Ganda lina utomvu unaounguza ngozi, na akina mama hujipaka majivu vidoleni wakiwa kazini. Wanakikundi watatu wana makovu ya utomvu huo mpaka viganjani. Kazi ya wiki nyingi iliondoka asubuhi moja kwa meseji ya mistari minne.

Sikatai kosa langu. Niliruhusu mzigo uondoke kabla sijaona salio, na nimewaambia akina mama hivyo ana kwa ana. Lakini baada ya kukiri langu, ninayo malalamiko matano, na hayo si yangu kuyabeba.

MALALAMIKO YETU

1. Meseji ya tapeli inafanana na yenu kama pacha.

Ile niliyopokea ilikuwa na maneno yenu, mpangilio wenu, hata namna yenu ya kufupisha. Ilikuwa na msimbo wa muamala, jina la mtumaji na salio jipya. Tofauti ilikuwa moja tu: juu, mahali pa jina la huduma, palikuwa na namba ya kawaida ya simu. Nililiona hilo jioni, nilipokaa kuisoma kwa machozi. Matangazo yenu yote niliyowahi kuyasikia yanatufundisha kutuma pesa na kununua vocha. Sijasikia hata moja linalomfundisha muuzaji namna ya kujua kwamba pesa imefika kweli. Mmetuzoesha kuiamini meseji, kisha tukiibiwa kwa meseji mnatuambia meseji si ushahidi.

2. Salio halionekani wakati linapohitajika.

Ushauri wenu ni kwamba tuangalie salio kabla ya kutoa mzigo. Ni ushauri mzuri mahali penye mtandao. Huku kwetu minara iliharibiwa vitani, na hadi leo mawimbi hushuka na kupanda kama maji ya bahari. Meseji ya tapeli ilipenya, menyu yenu haikupenya. Tapeli anaijua hali hiyo kuliko mnavyoijua nyinyi: aliuliza mapema chapa inaondoka saa ngapi, akasubiri dakika ambayo nisingeweza kumhakiki.

3. Laini ya tapeli ina jina, lakini jina si lake.

Nchi hii ina kanuni ya kusajili laini za simu kwa miaka mingi sasa. Siku ya pili, kwa simu ya jirani, nilifanya kama ninamtumia yule mnunuzi metikali 10 ili nione jina lake. Likatokea jina la mwanamke. Sauti niliyozungumza nayo siku nne mfululizo ilikuwa ya mwanamume. Mwenye jina lile pengine ni bibi wa kijijini ambaye hajui kwamba kitambulisho chake kinatumika kuiba. Mimi mwenyewe nimewahi kuuziwa laini barabarani ikiwa imekwisha kusajiliwa, bila kuulizwa hata jina. Kama usajili wenyewe ndio huo, unamkera mwaminifu na kumficha mwizi.

4. Mlalamikaji wa mbali hana mlango.

Nilipiga huduma kwa wateja. Nilipopata mtu, alinisikiliza, kisha akaniambia niende ofisini kwao mjini na barua ya polisi. Kituo cha polisi nilichokwenda kikaniambia hakiwezi kufungua jalada bila karatasi ya kampuni inayoonyesha mwenye laini. Kampuni inataka karatasi ya polisi, polisi wanataka karatasi ya kampuni, na mimi nipo katikati nahesabu nauli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, namba tulikuwa nayo, sauti tulikuwa nayo na saa tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapokea.

5. Aliyeibiwa ndiye anayeaibishwa.

Kila nilikokwenda swali la kwanza lilikuwa: "Kwa nini hukuwa makini?" Nimelijibu, na nitaendelea kulijibu. Lakini neno hilo limewanyamazisha wengi. Tangu yatupate, nimefuatwa na mvuvi aliyepoteza boya na nyavu, na kijana aliyeuza pikipiki kwa picha ya komprovativu. Wote wawili hawakwenda popote kulalamika kwa kuogopa kuchekwa. Wizi waliofanyiwa haumo katika hesabu za ofisi yoyote, na tapeli amebaki na laini yake mfukoni.

Sheria za kutulinda mnazo. Sheria namba 22/2009 inamlinda mlaji, na sisi, ingawa ni wauzaji wa korosho, kwa kampuni ya pesa za simu ni walaji wa huduma yake. Sheria namba 3/2017 inahusu miamala ya kielektroniki. Kanuni ya Adhabu ya 2019 inaitambua burla, yaani utapeli, kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba hizi zilizopo zifike mpaka Mbau.

MAOMBI YETU

1. Namba moja fupi, ya bure, ya kumripoti tapeli, kwa mitandao yote.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Tanzania, mtu akiandikiwa na tapeli huituma namba ya tapeli huyo kwenda 15040, awe mtandao wowote. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333. Namba hizo watu wanazijua kwa kichwa kama wanavyojua bei ya unga. Tunaomba INCM iweke namba ya namna hiyo, ikubali meseji ya kawaida kutoka simu ya kitochi, na kila anayeripoti arudishiwe namba ya lalamiko lake. Bila namba hiyo ya lalamiko, kesho nikipiga tena naanza upya kama mgeni.

2. Njia ya muuzaji kuuhakiki msimbo wa muamala.

Kila muamala una msimbo. Tunaomba niutume msimbo huo kwa meseji kwenda namba ya kampuni na nijibiwe mambo mawili: upo au haupo, na kama upo ni wa kiasi gani. Meseji hupenya pale menyu inapokwama. Siku ile nililiona hilo kwa macho yangu. Msimbo wa yule mnunuzi ungejibiwa "haupo", na magunia yetu yangeshuka kwenye chapa. Katika barua hii yote, hili ndilo ombi ambalo lingetuokoa asubuhi ile. Ukiweza kutimiza moja tu, mheshimiwa unayesoma, timiza hili.

3. Akaunti iliyoripotiwa isimamishwe ndani ya saa chache, kwa utaratibu wa haki.

Najua hatari ya ombi hili. Kenya wapo wanunuzi wanaolipa dukani, wakatoka na bidhaa, kisha wakadai kwamba walituma pesa kimakosa na kuomba irudishwe. Njia iliyowekwa kumsaidia mtumaji imegeuka panga la kumkata mwenye duka. Kwa hiyo hatutaki pesa irudishwe kwa neno la mtu mmoja. Tunataka isimame mahali ilipo, pande zote mbili zipigiwe simu, na atakayetoa ripoti ya uongo awajibishwe. Laini ikitajwa na walalamikaji watatu wasiojuana, isiendelee kupokea pesa wakati uchunguzi unakwenda.

4. Usajili wa laini ukaguliwe, na raia aone laini zilizo kwa jina lake.

Tanzania, mtu hupiga *106# akaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na laini ambazo hazikuhakikiwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020. Utapeli haukwisha kwa hilo, na sitawadanganya kwamba utakwisha. Lakini bibi mwenye jina lile nililoliona angekuwa na njia ya kujua kwamba ana laini asiyoinunua, na kuikana. Wakala anayesajili laini kwa kitambulisho cha mtu asiyekuwapo anyang'anywe kazi.

5. Lalamiko lipokelewe hapa tulipo, na karatasi iwe moja.

Mbau ni makao ya posto ya utawala. Ofisi ya serikali ipo. Tunaomba fomu moja, inayotambuliwa na kampuni zote, na polisi, na SERNIC, ijazwe hapa na itumwe na ofisi yenyewe. Anayetakiwa kusafiri ni hiyo karatasi. Mama aliyepoteza metikali 4,000 hawezi kutumia metikali 3,000 za nauli, na kuhatarisha roho yake barabarani, ili akaambiwe arudi wiki ijayo.

6. Elimu kwa lugha tunazootea ndoto.

Menyu ninayoisoma mimi ni ya Kireno. Katika wanakikundi kumi na wawili, wanaoweza kuisoma ni wawili. Tunaomba matangazo ya redio kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, yenye sauti ya mtu anayesimulia jinsi alivyoibiwa, hatua kwa hatua. Mtu akisikia kisa kinachofanana na chake, atalitambua jambo likimjia. Onyo la "jihadhari na matapeli" halimwambii lolote.

7. Hesabu itangazwe.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania hutoa ripoti kila robo mwaka, ikitaja hata mikoa ambayo majaribio ya utapeli yamezidi; Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa humo bila kuonewa haya. Tunaomba Benki Kuu na INCM zitutangazie nazo, wilaya kwa wilaya: malalamiko mangapi yamepokelewa, mangapi yamejibiwa, kiasi gani kimerudi kwa wenyewe.

KWA NINI HILI NI ZITO KWETU

Mnaijua historia ya wilaya hii. Tarehe 5 Oktoba 2017 mashambulizi yalianzia mjini Mocímboa da Praia. Mbau ikahamwa, nasi tukatawanyika. Mwezi Agosti 2021 majeshi yaliingia tena hapa, na watu wakaanza kurudi polepole, wengine wakikuta nyumba hazina mapaa. Benki haikuwa imetusubiri. Kilichotuunganisha na soko ni simu. Huduma ya pesa za simu, iliyopata umaarufu Kenya kuanzia mwaka 2007, ilipofika kwetu, ilimwezesha mama wa Mbau kumuuzia mtu wa Pemba bila kumjua na bila kuonana naye. Kwa mtu aliyekimbizwa kwake, kuanza tena kumwamini asiyemjua si jambo dogo.

Hilo ndilo lililoibiwa pamoja na korosho. Baada ya tukio, wanakikundi wanne walisema hawatauza tena kwa simu. Wamerudi kwa mchuuzi anayefika mlangoni na mizani yake, anayewapa chini ya nusu ya bei tuliyoipata kwa picha. Hawamlaumu, wala mimi simlaumu. Yeye angalau analipa noti mkononi. Lakini hesabu ni rahisi: tapeli mmoja alichukua kilo 60 mara moja, na woga aliotuachia unachukua nusu ya kila kilo, msimu baada ya msimu. Biashara yenu nayo inapungua, maana mchuuzi yule hatumii huduma yenu.

Kwa upande wetu hatukukaa bure. Tumeandika masharti na kuyabandika ukutani. Mzigo hautoki kwa picha wala kwa meseji, hutoka kwa salio lililoonekana na watu wawili. Pesa "iliyozidi" hairudishwi kwa taslimu hata kidogo. Mtandao ukikataa, chapa iende na magunia yabaki. Kwa wateja wapya tuna ndugu mjini Pemba anayepokea mzigo na kuukabidhi akishapigiwa simu na sisi. Hayo ndiyo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Yaliyo ndani ya uwezo wenu ni yale saba niliyoyataja.

Tunaomba mtujibu kabla ya Oktoba, msimu mpya haujaanza, na jibu lenu liwe hadharani kama ilivyo barua hii, ili mvuvi wa nyavu na kijana wa pikipiki nao wajue wanaweza kusema. Mkiona ombi fulani haliwezekani, tuambieni haliwezekani kwa sababu gani, tutaelewa. Kimya ndicho hatutakielewa.

Katika daftari la kikundi, kwenye safu ya "imelipwa", siku ile niliandika metikali 27,000 kwa mkono wangu, dereva akipiga honi. Mwenyekiti wetu, mama mwenye miaka zaidi ya sitini, ameniambia nisiifute. Amesema iachwe mpaka ipatikane pesa, au lipatikane jibu la kuandika pembeni yake.

Wenu kwa heshima,

Katibu, kwa niaba ya wanawake wabangua korosho,
Mbau, Mocímboa da Praia, Cabo Delgado